Muuzaji amekuficha kasoro ya nyumba? Kabla ya kuita fundi, tafuta ushahidi kwamba alijua

Mkuu, pole sana. Nimesoma maelezo yako yote: nyumba umeinunua Tegeta, Dar es Salaam, wakati wa kiangazi, rangi mpya, marumaru mpya sebuleni, na masika yalipoanza maji yakawa yanapenya kwenye maungio ya marumaru na kuta za chini zikafura. Ukimpigia muuzaji anasema ulikagua mwenyewe ukaridhika. Humu wamekujibu kwa pande mbili, wengine wanasema umenunua ulichokiona basi vumilia, wengine wanakutuma polisi. Mimi na mke wangu tulipita njia hii kwa nyumba yetu ya Goba mpaka tukalipwa, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Kwetu haikuwa maji, ilikuwa chumba cha nyuma ambacho muuzaji alikiongeza mwenyewe baadaye. Msingi wa chumba hicho ulipita juu ya shimo la choo la zamani lililofukiwa kwa kifusi na taka. Kabla ya kununua tulimpeleka fundi, akapanda darini kuangalia kenchi, akaangalia nyaya, akafunua chemba. Kuta zilikuwa zimelainishwa kwa wolputi na kupakwa rangi, hazina hata mkwaruzo. Mvua kubwa zilipokuja ukatokea ufa kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, kisha sakafu ikazama upande mmoja na mlango ukakataa kufunga. Fundi alipogonga plasta kidogo tukaona ufa wa zamani uliozibwa kwa saruji na wavu wa waya, na saruji yenyewe ilikuwa ya rangi mbili, maana yake uliwahi kuzibwa zaidi ya mara moja.

Hapo mke wangu akamwambia fundi aweke nyundo chini, asiguse kitu mpaka mhandisi afike. Naamini kabisa uamuzi ule ndio uliotuokoa. Fundi akishabomoa na kujenga upya, utabaki na risiti za saruji na nondo, lakini ule ukuta uliokuwa unamshitaki muuzaji hautakuwepo tena.

Sasa nikueleze kwa nini, maana hapa wengi wanachanganya. Wanaosema kunyamaza kwa muuzaji si kosa wana hoja, na wakili wetu hakutuficha hilo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema kwamba kunyamaza tu kuhusu jambo ambalo lingemfanya mwenzako asite si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme, au kimya chake ni sawa na kusema. Wala usitegemee Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile inayomlinda mnunuzi wa friji au gari hata kama hakuandikiana chochote na muuzaji kuhusu ubora. Hiyo haihusu ardhi na majengo. Lakini kifungu hichohicho cha 17 kinataja udanganyifu wa namna nyingine: kusema jambo ukijua si kweli, na kulificha kwa vitendo jambo unalolijua. Hapo ndipo pa kushika. Kupaka rangi nyumba unayoiuza si kosa, kila mtu hupaka. Kuziba ufa unaoujua, ukaulainisha, ndipo ukaleta wateja, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo swali si kama nyumba ina kasoro. Kila mtu anaona maji sebuleni kwako. Swali ni kama muuzaji alijua, na alifanya au alisema nini ili wewe usijue.

Sisi tulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, ujumbe wa WhatsApp. Kabla ya malipo mke wangu alimuuliza muuzaji kama nyumba imewahi kupata nyufa au tatizo la msingi, akajibiwa kwamba haijawahi, nyumba ni imara, asiwe na wasiwasi. Tangu alipojibu vile, hoja ya kimya ikawa imekufa. Pitia simu yako mkuu, pamoja na ujumbe uliotumiana na dalali. Usifute kitu na simu yenyewe itunze, usiishie kwenye picha za skrini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, ila utatakiwa kuonyesha ulivyotunzwa na kwamba haukuchezewa.

Cha pili, mpangaji wa zamani. Jirani mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyetudokeza kwamba kijana aliyekuwa anaishi chumba kile alihama kwa sababu ya ufa. Tulimtafuta, tukakaa naye kwa heshima, akakubali kuandika kwamba alimweleza mwenye nyumba na mwenye nyumba akaleta fundi wa kuziba. Yule fundi mwenyewe alikataa kuandika, anaogopa kukosa kazi mtaani, na hatukumlazimisha.

Cha tatu, ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hapa zingatia sana. Watu wengi wanamwomba mhandisi aandike kasoro ni nini na gharama ya kurekebisha. Mwombe ajibu na maswali mawili zaidi: kasoro ilikuwepo kabla hujanunua? Na je, mnunuzi wa kawaida angeiona bila kubomoa kitu? Swali la pili ndilo jibu la hilo neno la "ulikagua ukaridhika". Kifungu cha 19 cha Sheria ileile ya Mikataba kinampa mtu aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba, lakini kwa maelezo yasiyo ya kweli au kimya cha udanganyifu, haki hiyo inapotea kama ungeweza kuugundua ukweli kwa umakini wa kawaida. Mhandisi wetu aliandika kwamba ufa usingeonekana bila kubandua plasta.

Na usidhani ushahidi kidogo unatosha. Tangu kesi ya 1957 ya Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, anayedai udanganyifu katika kesi ya madai anatakiwa kuuthibitisha kwa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida, ingawa si kiwango cha kesi ya jinai.

Kuhusu polisi, sisi tuliambiwa ni madai, tuende kwa wakili. Tukaenda. Alituuliza kwanza kama tunataka kurudisha nyumba na kudai fedha zetu, au kubaki nayo na kudai fidia. Amua mapema, kwa sababu ukishajua kasoro halafu ukaendelea kupangisha au kuongeza vyumba, utakuwa umeukubali mkataba. Tulibaki nayo. Wakili akapeleka notisi ya madai ikiwa na ripoti, picha, ujumbe uliochapishwa na maelezo ya mpangaji.

Muuzaji ni mzee anayeheshimika pale mtaani na mwanzoni alikasirika sana. Tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa, akaja na mwanawe mkubwa. Yule kijana alisoma zile karatasi zote, akamwomba baba yake watoke nje wazungumze. Waliporudi, mazungumzo yakawa ya kiasi na awamu, si ya nani mwongo. Alilipa gharama ya kubomoa chumba, kuchimbua shimo, kulijaza mawe na zege na kujenga msingi upya. Kodi ya mahali tulipohamia tulibeba wenyewe, na inaniuma mpaka leo. Hati ya makubaliano wakili aliiandika ihusu chumba kile tu, ili lingezuka jingine tusiambiwe tulishasamehe yote.

Kwako Tegeta, angalia maji yanatoka wapi. Kama ni eneo ambalo mtaa mzima unajua linafurika, muuzaji atasema ungeuliza majirani, na hoja yake itakuwa na uzito. Kama ni maji ya chini yanayopanda kwa sababu jamvi, yaani zege la sakafu, halina nailoni ya kuzuia maji chini yake, na marumaru mpya zimewekwa juu ya sakafu iliyokwisha haribika, hapo una ufichaji wa vitendo. Banduani marumaru chache mbele ya mhandisi na mjumbe, mpige picha kilichopo chini, na mbandue rangi ukutani muone kama kuna mstari wa chumvi au alama ya maji ya zamani. Pia, kama kuna mto karibu, pima umbali hadi ukingoni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukikuta uko ndani ya hapo, una tatizo kubwa kuliko sakafu.

Kama bado unadaiwa sehemu ya bei, usiache kulipa kimyakimya. Mwandikie kupitia wakili ueleze sababu, la sivyo wewe ndiye utakayeonekana umevunja mkataba. Muda unao, madai ya mkataba ni miaka 6, lakini mpangaji wa zamani anaweza kuhamia mkoa mwingine kesho.

Hati yako ya mauziano inasemaje kuhusu ukaguzi? Kuna zilizoandikwa "mnunuzi amekagua na kuridhika" na zisizo na neno hilo. Weka hapa kifungu hicho, ufiche majina na namba ya kiwanja, na useme kama uliwahi kumuuliza muuzaji swali lolote kuhusu maji kwa maandishi.