Vipuri vya Peugeot 404: tafuta kwa namba, si kwa jina

Nenda kwa wauza vipuri wa hapa Lubumbashi, uwe kwenye komini ya Kenya au ya Kamalondo, useme unataka kabureta ya 404. Hutakosa. Kijana atatoweka kidogo, atarudi na kabureta mkononi, na ataapa: "Papa, hii njo orijinale, angalia kartoni yake." Kartoni kweli ni ya Peugeot. Kilichomo ndani huenda kilitoka kwenye gari jingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, fungua boneti, sugua kile kibati cha gari lako, usome aina na namba ya chasisi. 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, Ufaransa wakaacha kuunda saluni mwaka 1975, na nchi ya Kenya waliendelea kuiunganisha hadi 1991. Katikati hapo mengi yalibadilika. Za mwanzo zina breki za ngoma magurudumu yote manne, za baadaye zina diski mbele. Spidomita ya mlalo nayo ikaachia nafasi saa za duara, yaani geji. Anayekuuzia "breki za 404" bila kukuuliza mwaka hajui anachouza.

Katalogi ya Peugeot ya enzi hizo inaandika kila kipuri kwa tarakimu nne, nukta, kisha mbili. Hiyo ndiyo namba ya kumtumia muuzaji kwenye WhatsApp. Namba iliyomiminwa pamoja na chuma mara nyingi ni ya kalibu tu, lakini ipigie picha pia, na pembeni uweke rula. Kipuri kibovu usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea.

Halafu usihangaike na uhalisi pasipohitajika. Beringi zina vipimo vya dunia nzima: 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15, iwe ya gari, ya pampu au ya mashine ya kusaga unga. Sili za oili nazo zimeandikwa vipimo ubavuni. Fedha yako iwekee vitu ambavyo hakuna duka la kawaida litakalokupa: vioo, taa, nikeli za pembeni, vitasa, saa za dashibodi.

Na vitu hivyo haviko dukani. Viko kwa watu. Mafundi waliostaafu Gécamines, kampuni ya migodi, madereva wa zamani, parokia zenye pikapu iliyolala nyuma ya jiko. Likasi na Kipushi usizipite. Ukifika, usianze na bei. Kaa, salimia, uliza habari za familia, eleza gari lako ni la nani na unalitengeneza kwa nini. Mama mmoja kule Likasi alinifungulia sanduku la marehemu mume wake. Kofia za distribyuta za Ducellier zilikuwa zimepakwa grisi, na kioo chekundu cha taa ya nyuma kilikuwa ndani ya soksi ya mtoto, hakina hata mkwaruzo. Niliona kwenye rafu vitu vingine nilivyovitamani. Akasema hivyo ni vya mwanawe, nami sikurudia kuuliza. Mjane hasumbuliwi kwa kipuri.

Wengi hukimbilia ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, hadi Kitwe na Ndola kule Zambia. Ni wazo zuri, ila kumbuka Zambia usukani uko kulia. Milango, buti na vioo vya madirisha vinaingia bila shida. Usukani, dashibodi na pampu kuu ya breki ni mambo mengine. Taa za mbele ndizo zinazowadanganya watu: zinakaa vizuri kabisa mahali pake, lakini mwanga wake unapanda upande wa kushoto, na huku kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ziache hukohuko.

Adui mkubwa ni mnunuzi wa chuma chakavu. Difu ya 404 ni ya skrubu, na gurudumu lake la meno la ndani ni la bronzi. Katika mji huu wa shaba hakuna asiyejua bei ya bronzi kwa kilo. Difu nzima inapasuliwa asubuhi, inauzwa kwa mizani mchana. Fanya urafiki na hao wanunuzi, waachie picha ya difu na namba yako ya simu, uwaahidi zaidi ya bei ya kilo, na ahadi uitimize siku hiyohiyo wakipiga. Ukishaipata, usimimine oili yoyote ya giaboksi iliyo karibu. Oili nyingi za daraja la GL-5 zina salfa inayoweza kula bronzi. Muulize anayekuuzia oili kama inafaa metali za njano, yaani shaba na bronzi, na asipoelewa swali, nunua kwingine.