Nyumba na Sheria: Leseni gani tena, na nyumba ni yangu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nakaa Nairobi lakini nina apatimenti ya vyumba viwili Bamburi, nilinunua 2021. Mwanzo nilikua na mpangaji wa mwezi akanisumbua na kodi mpaka nikachoka, nikatia fanicha nikaiweka Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku, shemeji yangu ndo anapokea wageni anawapa funguo na kufua mashuka. Pesa si mbaya hasa Disemba. Sasa chairman wa kamati ya estate kaandika kwa grupu ya WhatsApp eti wenye "lojing za kisirisiri" walete leseni ama wageni wao wasipite geti. Mimi sevis chaji nalipa, KRA nawalipa ile asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba. Leseni gani tena hiyo, ama huyu mzee ananitafutia chai tu?
– Mwenye Nyumba, Donholm

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya chai sijui, lakini leseni ipo na wala haikuanza jana, Sheria ya Utalii ya 2011 inataka kila anayelaza wageni kwa biashara awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, hawa wanaoitwa TRA, na apatimenti zimo humo humo pamoja na mahoteli. Watu walikua hawajali mpaka Januari 2024, wasichana wawili wakauliwa mwezi huo mmoja kwenye nyumba za kukodi kwa siku kule Nairobi, ndo serikali ikaanza kusema wenye nyumba hizi wajisajili. Hiyo ya TRA ni mbali na biznes pamiti ya kaunti, moja haikai mahali pa nyengine.

Lakini kabla hujaenda kuomba chochote, toa ile lisi yako, yaani mkataba wa nyumba, ulosaini ukinunua uisome, na ukiwa Mombasa uombe sheria za ndani za estate. Wengi tunasaini pale kwa wakili huku tumefurahi funguo hatusomi, na mara nyingi mna kifungu kinachosema nyumba ni ya makazi ya familia tu. Ikiwa kimo, leseni ya TRA haitakufungulia geti. Mimi mwenyewe yalinikuta, sisemi estate gani, kumbe kamati ishapitisha kwa AGM, mkutano mkuu wa mwaka, kua hamna wageni wa siku mbili tatu, AGM ambayo mimi sikuenda nikasema ni maneno ya sevis chaji tu. Wageni wangu wakafika saa tano usiku, askari akawazuia, mtoto kalala juu ya sutkesi pale kwa kibanda na mimi napiga simu kwa chairman kashazima. Nilirudisha pesa zote na hoteli yao nikalipa mimi.

Kwa hivyo nenda ukae na huyo mzee, na usiende mikono mitupu. Angalia kwanza daftari la askari pale getini linavyoandikwa, utakuta "John" tu na namba ya gari, au "mgeni wa B7" mara nane kwa mwezi. Hicho ndo kinawatia watu hofu, hawajui nani analala ukuta wa pili. Mwambie shemeji yako ampe askari jina kamili la mgeni, siku ya kuingia na ya kutoka, kabla mgeni hajafika, na kitambulisho au pasipoti akague mwenyewe uso kwa uso. Zile picha za vitambulisho asizirushe kwa grupu tafadhali! Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na biashara za kulaza wageni zimetajwa kati ya zile zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Kamera mlangoni kwa nje sawa na umwambie mgeni ipo, ndani usithubutu.

Sasa hapo kwa KRA ndo naona umeteleza. Ile 7.5 (ilikua 10 mpaka mwisho wa 2023) ni ya kodi ya makazi, mtu kapanga anaishi. Mgeni wa siku tatu unayemfulia mashuka na kumnunulia tokeni za stima, hiyo ni biashara, mkae na mhasibu awapangie upya kabla wao hawajakuuliza, na risiti zako za fundi na dobi ziwe za eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, la sivyo huwezi kuzikata kama gharama. Kisha kuna levi ya utalii, asilimia 2 ya mauzo, inaenda kwa Tourism Fund kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. VAT mpaka mauzo yafike milioni 5 kwa mwaka, na kwa vyumba viwili vya Bamburi hata hiyo Disemba yako haikufikishi.

SWALI: Mama, mimi ni mpangaji tu Kilimani, chumba kimoja. Nikisafiri naeza kuweka nyumba Airbnb niokoe rent? Lendlodi hata hakai Kenya.
– Msafiri

JIBU: Hakai Kenya lakini keateka anakaa, tena hapo hapo chini. Soma mkataba wako, karibu yote inakataza kupangisha mtu mwengine bila ruhusa ya mwenye nyumba. Muombe kwa maandishi, imeli inatosha, na akikubali ujue leseni na kodi nilizomwambia mwenzio wa Donholm zitakua juu yako wewe. Akinyamaza, usihesabu amekubali. Kwa safari mbili za mwaka, mwanangu, mtafute binamu akulindie nyumba akuchangie ya stima.