Kabla hujaagiza kontena la sola: ushauri kwa wanaoanza kuwekeza kwenye maeneo yasiyo na umeme

Karibu kila anayeingia kwenye biashara hii huanza kwa kuulizia bei ya paneli. Paneli ndiyo isiyosumbua: haina kinachozunguka ndani yake, na iliyotengenezwa vizuri hufanya kazi miaka 25. Kinachoua biashara ni betri, marejesho ya wateja walionunua kwa mkopo na fundi asiyefika. Ukipeleka umeme mahali ambako gridi haijafika, jua kwamba umejifunga na nyumba ile kwa miaka kadhaa, na kila uamuzi wako uupime kwa jambo hilo.

Hesabu matumizi kwanza. Kaa na wenye nyumba mtaje kifaa kimoja kimoja, maana watu hukumbuka taa wakasahau redio. Tuseme wana taa 4 za wati 3 zinazowaka saa 5: wati-saa 60 (wati mara saa). Simu 2 kila siku, 20. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4, 80. Jumla ni wati-saa 190 kwa siku. Gawa kwa 0.7, kwa sababu joto, vumbi, waya na betri vyote hula umeme njiani. Unapata kama 270. Kisha gawa kwa saa za jua kamili, yaani saa ambazo paneli ingetoa nguvu yake yote, za mwezi mbaya kuliko yote, wala usidanganyike na wastani wa mwaka. Zikiwa 4, jibu ni wati 68, basi funga paneli ya 80 au 100.

Betri ipigie hesabu ya usiku mmoja na akiba ya nusu siku ya mawingu: 190 mara 1.5, yaani wati-saa 285. Betri ya risasi na asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unatafuta ya wati-saa 570; ya volti 12 na ampea-saa 50 inafaa (12 mara 50 ni wati-saa 600). Betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma huvumilia kutumika asilimia 80 ya ujazo wake, hivyo ampea-saa 30 kwa volti 12.8 zinatosha kazi ileile. Ya risasi ni nafuu siku ya kununua, na hapo ndipo wengi huingia mtegoni. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, na ikiachwa bila chaji wiki kadhaa sahani zake huota fuwele za salfeti na haipokei tena umeme vizuri. Ukimkopesha mteja kwa miezi 24 na betri ikafa mwezi wa 18, marejesho nayo yamekufa mwezi wa 18. Hakuna mtu anayelipia giza, na hana kosa. Kanuni tunayoisimamia ni hii: dhamana ya betri iwe ndefu kuliko mkopo.

Makosa ya ufungaji ni yaleyale kila mahali. Waya mwembamba ndio wa kwanza. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5.6 kwa volti 18. Ukiiweka mita 10 kutoka kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) kwa waya wa milimita mraba 1.5, unapoteza volti 1.3, zaidi ya asilimia 7. Kwa waya wa milimita mraba 4 hasara inashuka chini ya asilimia 3. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu betri inaweza kumwaga mkondo wa kuunguza nyumba. Paneli ilale kwa mwinuko wa angalau nyuzi 10 ili mvua iioshe, na pawe na upenyo wa hewa kati yake na bati. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kukata theluthi ya umeme au zaidi, kwa hiyo fundi aangalie jua la asubuhi na la jioni pia.

Sasa fedha. Chukua kifaa ambacho, pamoja na usafiri, ufungaji na kamisheni ya wakala, kimekugharimu 100 kwa sarafu yoyote. Unakiuza 160: kianzio 20, halafu 140 kwa miezi 24. Kwenye karatasi faida ni 60. Lakini robo ya marejesho isipoingia, unakusanya 105 badala ya 140, na jumla inakuwa 125. Toa 14 za matengenezo na gharama za kukusanya, toa 10 za riba ya mtaji, unabaki na 101. Umefanya kazi miaka miwili kwa faida ya moja. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba asilimia ya marejesho itazamwe kila wiki, kwa kila wakala peke yake. Wakala anayelipwa kamisheni yote siku ya mauzo atakuletea wasioweza kulipa. Mwachie nusu ya kamisheni yake ifuate marejesho ya miezi 6 ya mwanzo.

Tena, kukua kunakausha pesa. Kwa hesabu hiyohiyo, hata kabla ya kutoa matengenezo na riba, kifaa hurudisha gharama yake kwenye mwezi wa 18 au 19. Ukiuza vifaa 100 kila mwezi, kufikia wakati huo umefungia mtaji wa vifaa zaidi ya 700 mikononi mwa wateja. Kampuni inaweza kufa huku mauzo yanapanda. Tafuta mkopo wa muda usiopungua muda uliowapa wateja, na kwa sarafu wanayokulipa. Mkopo wa dola wenye riba ndogo huonekana wa heri mpaka sarafu ya nyumbani ishuke asilimia 20. Riba yote uliyookoa inakwenda hapo.

Ratiba ya malipo iige kipato cha watu. Mkulima ana pesa baada ya mavuno, mvuvi ana pesa kila siku bahari ikitulia. Mfumo wa kuzima kifaa malipo yakikatika unafaa, lakini tunapendekeza siku chache za neema, na taa moja ibaki inawaka. Kung'oa kifaa kuwe hatua ya mwisho kabisa, maana safari ya gari mara nyingi inazidi thamani ya kile unachokwenda kuchukua.

Ukivuka kwenda gridi ndogo ya kijiji, yaani mtambo mmoja unaogawia nyumba nyingi umeme, tafuta watumiaji wa mchana kabla ya kununua betri kubwa: mashine ya kusaga, pampu, cherehani, jokofu. Umeme unaotumika saa 6 mchana haupiti kwenye betri, hivyo ndio wa gharama ndogo zaidi. Jihadhari na mota. Ya kilowati 5 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri kuwa wa kutumia majumbani, inazima kijiji kizima. Ifungie kifaa cha kuianzisha polepole. Na kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, uwe na maandishi ya mamlaka yanayosema utalipwaje gridi ya taifa ikifika.

Vipuri weka karibu na wateja, si makao makuu. Fundi aliyefunzwa kijijini, mwenye mita ya umeme, kontrola mbili na fyuzi za kutosha, atamaliza hitilafu nyingi siku hiyohiyo. Betri zilizokufa zirudishwe kwa punguzo la bei kwenye mpya, kwa sababu risasi ikimwagwa nyuma ya nyumba wanaougua kwanza ni watoto.