Mnaoanza kuandika wasifu wa waandishi, jela isimeze kazi ya mtu

Wadogo zangu mlioanza juzi kuandika maisha ya waandishi, kuna kitu nakiona sana nikihariri. Mtu akishafungwa kisiasa basi rasimu nzima inaanzia gerezani, afu vitabu vyake mnavichomeka mwishoni. Msifanye hivyo jamani, mnamnyang'anya mtu kazi yake mara ya pili.

Chukua Musine Kokalari wa Albania, kazaliwa 1917 Adana, Uturuki, kakulia mji wa Gjirokastër huko Albania, kasoma fasihi Roma. Ukianza na kesi yake ya 1946, Wakomunisti waliotawala walipomshtaki kisiasa, msomaji anapata mfungwa tu, ila ukianza na kitabu chake cha kwanza, Siç më thotë nënua plakë (yaani "Kama anavyoniambia bibi yangu mzee"), unamkuta binti anaandika bibi na wanawake wa mji wake wanavyoongea, kwa lahaja yao ileile, na hapo ndo unamwelewa huyu dada sikio lake lilikuwa wapi.

Halafu tarehe, tafadhalini sana. Waitalia wa Mussolini waliivamia Albania Aprili 1939, Wajerumani wakaja Septemba 1943, na humo humo Waalbania wenyewe walikuwa wanawindana. Ukiandika tu "alipinga wavamizi" umeficha nusu ya habari, kwa sababu Musine na wenzake walianzisha Chama cha Demokrasia ya Kijamii 1943, 1944 akahariri gazeti lao la Zëri i Lirisë ("Sauti ya Uhuru"), anapinga ufashisti na yeye pia hawataki Wakomunisti wa Enver Hoxha. Tarehe 12 Novemba 1944 kaka zake wawili, Muntaz na Vejsim, walipigwa risasi na Wakomunisti bila kesi. Tirana, mji mkuu, ilikombolewa tarehe 17 mwezi huohuo. Hapo usiongeze neno la huzuni hata moja, panga tu hizo tarehe.

Picha nazo zisomeni. Ile ya mahakamani kajitanda kitambaa cheusi kichwani, ni msiba wa kaka zake huo. Alihukumiwa miaka 20, akafungwa gereza la Burrel, baadaye akapelekwa kuishi chini ya ulinzi mji wa Rrëshen akawa anafagia barabara, na huko huko 1972 akaandika kwa siri historia ya chama chake. Hiyo isikose kabisa! Alifariki 1983.

Maneno yake mahakamani yanazunguka mitandaoni kila mtu na toleo lake, kwa hiyo kama hujaona kumbukumbu za kesi usiweke alama za kunukuu, andika tu kwamba alikataa kukiri kosa.