SWALI: Niko boti ya tanga wiki tatu baharini, swala nizilipe nikifika?

Sheikh, asalaam aleykum. Mimi kijana wa Lamu, nimepata kazi kwenye boti ya tanga ya Wazungu, tunavuka Atlantiki toka Las Palmas mpaka Karibiani. Maji ya kunywa yanapimwa, boti inalala upande, usiku nashika zamu peke yangu. Naweza kuziweka swala nikazilipa nikifika?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah. Hapana mdogo wangu, usiziweke. Safari imekupunguzia swala haijakuondolea.

Tuanze na maji, maana hili ulilouliza si geni, kuna mtu alimwambia Mtume (s.a.w.) sisi tunapanda bahari na maji tunachukua kidogo, tukitawadhia tutashikwa na kiu, je tutawadhe kwa ya bahari? Akajibiwa kwamba bahari maji yake ni tohara na maiti wake ni halali. Basi chota na ndoo utawadhe, ila boti ikiwa mbio ndoo ikijaa inavuta mkono kweli kweli, kwa hiyo usichote peke yako usiku, weka ya akiba mapema. Tayammamu (kujitoharisha kwa udongo) hapo hamna. Na wale samaki wanaoruka ukawakuta asubuhi wamekufa juu ya boti, kula bila wasiwasi, kikaango tu tumia chako maana hujui wenzako jana walikaangia nini.

Kibla: mnakwenda magharibi, kwa hiyo Makka iko upande wa tezi (nyuma ya boti), mashariki ikiegemea kaskazini. Kwenye faradhi boti ikigeuka na wewe geuka uendelee, swala haijaharibika. Simama ukiweza, ukishikwa na kizunguzungu au ukiogopa kutupwa majini kaa chini, mkanda wako umeufunga, usije ukafia ujasiri. Sunna ni nyepesi zaidi, mwenye usukani anaswali kule boti inakoelekea.

Zamu sasa. Adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa mbili mbili, magharibi inabaki tatu. Unaruhusiwa kuunganisha, kwa hiyo swali magharibi na isha pamoja kabla hujaingia zamu. Ijumaa unaswali adhuhuri tu. Alfajiri haiunganishwi na kitu, ila wakati wake unafika mpaka jua kuchomoza, ukiona taa za meli zinakuja shughulika na meli kwanza halafu ndo uswali.

Saa ya boti usiifuate, wengi wanaiacha kwenye UTC (saa ya kimataifa). Kila digrii 15 za kwenda magharibi jua linachelewa saa nzima, mpaka mfike limechelewa kama masaa matatu. Angalia jua lenyewe.

Mkitia nanga bandarini mkasubiri upepo, hamjui mtaondoka leo au kesho, kwa madhehebu yetu ya Shafii unaendelea kupunguza mpaka siku 18. Lakini mkifika mkiwa mmeshapanga kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unatimiza tangu siku ya kwanza.

Wallahu aalam.