Siki ya Tufaha Isiyochemshwa: Majibu kwa Maswali Yenu

SWALI: Shikamoo. Nilinunua chupa ya siki ya tufaha, na baada ya wiki kadhaa nikaona chini yake kumejikusanya utando mzito kama makamasi. Nilitaka kuimwaga, lakini jirani yangu akanizuia akisema huo ndio uzima wa siki. Je, imeharibika? Na je, ninaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani? – Mama wa nyumbani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako amekushauri vyema, usiimwage. Siki hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza hamira hula sukari iliyomo katika maji ya tufaha na kuigeuza kuwa kilevi. Kisha bakteria wanaohitaji hewa hukigeuza kilevi hicho kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali wake. Kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hai, na si hewa peke yake, ni jambo lililoelezwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, katika miaka ya 1860. Utando uliouona umefumwa na bakteria hao hao, na wengi huuita "mama wa siki". Siki iliyochujwa na kupashwa moto kiwandani huwa angavu kwa sababu utando huo umeondolewa, ilhali ile inayoitwa mbichi huachwa na vyote vilivyomo.

Hata hivyo, usiwaamini wanaouza chupa hizo kwa bei kubwa wakidai kwamba utando wenyewe ni dawa. Kinachojulikana kuhusu manufaa ya siki kinahusu zaidi asidi yake, na asidi hiyo imo pia katika siki ya kawaida iliyochujwa.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Kata matufaha yaliyooshwa, au tumia maganda na viini vilivyobaki, uyatie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mimina maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiweka kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwa kila kikombe cha maji, na uhakikishe matunda yote yamezama, kwa maana kipande kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa vizuri ili hewa iingie lakini vijinzi visipite, kisha ukoroge kila siku. Baada ya wiki 2 au 3 chuja matunda, urudishe maji katika chupa, uyaache wiki 4 au zaidi hadi yawe makali unavyopenda. Katika joto la Tanga huenda yakawahi. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huila. Ukiona utando mweupe laini usio na manyoya, hauna madhara. Ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, tupa vyote.

Siki hiyo itakufaa kwa kachumbari na kwa kulainisha nyama kabla ya kuichoma. Usiitumie kuhifadhi achari ya kukaa miezi, kwa sababu kazi hiyo huhitaji siki yenye asidi ya asilimia 5, na ukali wa ile ya nyumbani hauwezi kupimwa kwa ulimi.

SWALI: Ikiwa siki hupitia hatua ya kilevi, je, ni halali kwetu Waislamu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Wanazuoni wamekubaliana kwamba kilevi kikigeuka chenyewe kuwa siki huwa halali na safi, na katika Sahihi Muslim imepokewa hadithi ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) anaisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Hitilafu ipo pale mtu anapochukua pombe akatia kitu ndani yake kwa kusudi la kuigeuza: madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hayaikubali siki ya namna hiyo, ilhali Hanafi wanaikubali. Kuhusu siki ya kiwanda fulani, mwulize shehe wako.

SWALI: Baba yangu ana kisukari aina ya pili. Ametumiwa video kwenye WhatsApp inayomwagiza anywe nusu glasi ya siki ya tufaha kila alfajiri na kuacha vidonge vya hospitali. Nimeshindwa kumshawishi. – Binti mwenye wasiwasi, Dodoma

JIBU: Binti yangu, mwonyeshe baba jibu hili, na kwanza kabisa mwombe asiache vidonge vyake hata siku moja bila kauli ya daktari.

Video hiyo imechukua ukweli mdogo ikaupandisha mno. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliwapa watu siki ya tufaha iliyochanganywa na maji kabla ya mlo wa mkate, siagi na maji ya machungwa. Nafuu katika jinsi mwili unavyodhibiti sukari baada ya mlo ilionekana zaidi kwa wale ambao miili yao ilikuwa imeanza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, na ilikuwa ndogo kwa waliokwisha kuugua kisukari. Huo ulikuwa utafiti wa watu wachache na wa mlo mmoja, na haukumwambia yeyote aache dawa. Wapo pia ambao siki huwadhuru: mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kisukari ambao tumbo lao tayari hukawia kusukuma chakula, siki ilizidisha ukawiaji huo.

Nusu glasi bila maji ni hatari. Asidi hiyo huchoma koo na kumomonyoa tabaka gumu la nje la jino, ambalo likishaondoka halioti tena. Mtu mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia anaweza kuumia zaidi. Anayetumia insulini, dawa za kuongeza mkojo au digoksini (dawa ya moyo) asianze siki ya kila siku kabla ya kumweleza daktari, kwa sababu sukari au potasiamu mwilini inaweza kushuka kupita kiasi.

Daktari akiridhia, baba atie kijiko kikubwa kimoja katika glasi nzima ya maji, anywe pamoja na chakula, ikiwezekana kwa mrija, kisha asukutue kwa maji matupu na kusubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Kwa maoni yangu, angefaidika zaidi kwa kuinyunyiza kwenye saladi ya kabichi na kupunguza kipande cha ugali.

SWALI: Ninasafishia choo kwa siki. Nikiongeza Jik haitakuwa na nguvu zaidi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Usithubutu. Siki ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Ukishavichanganya kwa bahati mbaya, toka mara moja, acha mlango wazi, na usirudi mpaka harufu iishe. Siki peke yake inatosha kuondoa ukoko wa chumvi kwenye bomba na birika, ila usiimwage kwenye sakafu ya terazo au marumaru, kwa kuwa itaondoa mng'ao wake.