Anatapika wiki ya 7 baada ya kupunguzwa tumbo: dripu ipi itangulie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 36. Wiki 7 zilizopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito Dar es Salaam, ule wa kukata tumbo likabaki kama bomba. Aliingia na kilo 128, sasa ana 109. Mwanzo alikwenda vizuri. Tangu turudi Masasi aanze chakula cha nyumbani, akila ugali au wali anatapika, na siku hizi 9 hata uji haukai. Vidonge vya vitamini aliviacha, anasema vinamtia kichefuchefu. Zahanati walipima malaria hawakuona kitu, wakamtundikia dripu 2 za glukosi. Alichangamka siku moja. Sasa anasema nyayo zinamwaka, na akisimama anayumba. Je, tumbo limeziba? Tumwekee dripu gani? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba, na mpe pole sana mwenzio. Habari ya tumbo kuziba nitaifikia, lakini isikucheleweshe. Mtu aliyepunguzwa tumbo, ametapika siku 9, ameacha vitamini, nyayo zinawaka na anayumba, huyo anahesabiwa kuwa ameishiwa vitamini B1, yaani thiamini, na anatibiwa leo hii bila kungoja kipimo cha damu. Mpeleke hospitali inayolaza. Mkomaindo iko hapo mjini. Ndanda ni kama kilomita 40 kwa barabara ya kwenda Mtwara. Piga simu kwanza uulize jambo moja: ampuli za thiamini zipo, na ni ngapi? Idadi ina maana yake, utaiona hapa chini.

Dripu gani? Thiamini itangulie, glukosi ifuate nyuma yake. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya thiamini ya miligramu 30 hivi tu, na kila siku hutumia kama 1. Chakula kisipokaa, akiba hiyo huisha ndani ya wiki 2 au 3, na mkeo alikwishaanza kuila tangu alipokuwa kwenye supu na maji baada ya upasuaji. Kazi ya thiamini ni kuuwezesha mwili kuchoma sukari upate nguvu. Ukimmiminia glukosi mtu ambaye akiba yake imebaki matone, sukari hiyo ndiyo inayoyamaliza matone. Ubongo na mishipa ya fahamu, ambavyo huishi kwa sukari kuliko viungo vingine, hubaki na kuni tele bila kiberiti. Huenda ndiyo maana alichangamka siku moja kisha akaanza kuyumba. Sitaki kumlaumu mhudumu wa zahanati. Glukosi kwa anayetapika ni mazoea ya siku nyingi, na kwa mgonjwa wa malaria ambaye sukari yake imeshuka, huokoa maisha. Kwa aliyekatwa tumbo na anayetapika, mazoea hayo hugeuka.

Mwonyeshe daktari wa zamu sehemu hii. Kuyumba ni moja ya dalili 3 za ubongo kukosa thiamini. Nyingine ni macho kuchezacheza au kuona viwili viwili, na kuchanganyikiwa. Wagonjwa wengi hawaonyeshi zote 3 kwa pamoja, kwa hiyo daktari asingoje zikamilike. Dozi inayotumika ni miligramu 500 mshipani mara 3 kwa siku, ikichanganywa kwenye mililita 100 za dripu ya chumvi na kupita taratibu kwa dakika 30, kwa siku 2 au 3. Baada ya hapo miligramu 250 mara 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, kisha vidonge vya miligramu 100. Sasa piga hesabu: kama ampuli ni ya miligramu 100, dozi moja ni ampuli 5, siku moja ni 15, siku 3 ni 45. Kabati lenye ampuli 6 halitoshi, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa bado kwenye simu.

Mkikuta kuna sindano za mchanganyiko wa B1, B6 na B12 tu, soma kibandiko. Nyingi zina B1 miligramu 100 na ni za msuli, si za mshipani. Achomwe moja ya msuli wakati mnaitafuta thiamini yenyewe, lakini msijaribu kuzijumlisha 5 ili kufikia dozi. B6 ikizidi nayo huumiza mishipa ya fahamu. Vidonge vya kawaida vya B kompleksi huwa na B1 kidogo mno kwa kazi hii, na kwa mtu anayetapika hata hivyo havikai.

Maji yake yawe dripu ya chumvi, na potasiamu iongezwe kwa kufuata majibu ya maabara, kwa sababu siku 9 za kutapika huimwaga. Magnesiamu nayo ipimwe ikiwezekana. Ikiwa imeshuka, thiamini huingia mwilini isifanye kazi yake vizuri, na wengi huisahau.

Haya, tumbo lenyewe. Upasuaji aliofanyiwa huitwa sliivu, yaani mkono wa shati, na umbo linalobaki linafanana nao kweli. Daktari hupitisha bomba la kupimia mdomoni, aghalabu lenye upana wa milimita 12 hivi, kisha hukata na kubana kwa stepla kando yake. Huondoka kama robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo. Kinachobaki hubeba mililita 100 hadi 150, pungufu ya glasi ya chai. Karibu na mwisho wa bomba hilo kuna kona, na matatizo mengi hutokea hapo: kovu hukaza, au bomba hujisokota kidogo kama mpira wa maji wa bustani.

Mfuatano ulioueleza ndio unaonitia wasiwasi. Ugali ukikwama huku uji unashuka, kosa mara nyingi ni la ulaji: tonge kubwa, haraka, maji juu ya chakula. Uji nao ukianza kurudi, na hata mate anayameza kwa shida, hapo panashukiwa kubana. Hujulikana kwa picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe, au kwa endoskopia, yaani kamera ya bomba inayopitishwa mdomoni, ambayo ina faida kwamba anayeangalia anaweza kutanua papo hapo kwa puto. Kutanua hurudiwa mara kadhaa kwa wiki kadhaa. Wachache wasiopata nafuu hugeuziwa sliivu kuwa baipasi, yaani upasuaji unaounganisha kipande kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo. Kabla ya kusafiri kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, ulizeni kama kipimo kinapatikana siku hiyo, na timu iliyompasua Dar es Salaam ijulishwe leo. Asipandishwe basi la Dar kabla ya kupata dozi za mwanzo za thiamini. Safari ni ya kutwa nzima, na njiani hakuna wa kumtundikia.

Kuna sababu nyingine za kutapika zisizopaswa kurukwa. Pima mimba, tafadhali. Uzito ukishuka, mayai ya uzazi huamka haraka, hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila kushika, na mimba hushauriwa isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Maumivu chini ya mbavu za kulia huashiria vijiwe vya nyongo, ambavyo hupenda kutokea uzito unapoporomoka. Homa, mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika, au maumivu yanayopanda bega la kushoto ni habari nyingine kabisa: mstari wa stepla unaweza kuwa unavuja. Kuvuja huja zaidi wiki za mwanzo lakini hata wiki ya 7 kunawezekana. Na kama kuna mtu amempa diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, ziachwe, zinachubua tumbo. Parasetamoli inatosha.

Akishatulia na njia ikijulikana iko wazi, arudi nyuma hatua 2 kwenye chakula. Aanze na vimiminika tu: mililita 30 kila dakika 15, na njia rahisi ya kupima ni sirinji ya mililita 10 kutoka duka la dawa, ijazwe mara 3. Maji, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, mtindi mwepesi. Lengo ni lita 1.5 kwa siku. Dafu linafaa kwa vijiko. Soda hapana, gesi yake haina pa kwenda. Siku chache zikipita bila kutapika, aingie kwenye vya kupondwa: changu aliyechemshwa na kutolewa miba yote, yai la kuchemsha lililopondwa na mchuzi, mbaazi zilizochemshwa hadi zikavurugika na kuchujwa maganda. Hizo mbaazi mnazivuna wenyewe, basi msiziuze zote. Protini inayotakiwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai 1 lina kama 6, samaki wa gramu 100 ana kama 20, kikombe cha maziwa cha mililita 200 kina 6 au 7. Kwa hiyo kila mlo protini itangulie mdomoni. Akishiba kabla ya wanga, hajapoteza kitu. Tonge liwe kama punje ya korosho, litafunwe mpaka liwe uji, na maji yakae mbali na chakula kwa dakika 30.

Ugali wa muhogo ndio mgumu kuliko vyote kwa bomba la aina hii. Unavutika na kunata, na watu wa huku tumezoea kuumeza tonge bila kutafuna. Bonge lile hufika kwenye kona likiwa zima na kukaa hapo kama kizibo. Uji mwepesi wa muhogo hupita, ila hauna protini ya kuhesabika. Ugali, wali mkavu, chapati, pweza na kisamvu chenye nyuzi vingoje angalau miezi 3, na virudi kimoja kimoja. Msimu wa mabibo ukifika, uraka usipite kinywani. Kwa tumbo hili pombe hupanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo.

Vitamini alizoziacha ni za maisha, kwa hiyo tatizo la kichefuchefu litatuliwe, lisipuuzwe. Atumie za kutafuna au za maji, baada ya kula kidogo, wakati wa kulala kama asubuhi inamkataa. Anahitaji multivitamini 2 kwa siku, B1 miligramu 50 hadi 100, B12 (sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi ni rahisi zaidi kwa anayetapika), vitamini D uniti 3000, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 ikigawanywa mara 2 au 3, na kwa kuwa bado anapata hedhi, madini chuma miligramu 45 hadi 60. Kalsiamu na madini chuma zipishane kwa saa 2, zikimezwa pamoja moja huizuia nyingine. Kama alikuwa na dawa za presha au kisukari kabla ya upasuaji, dozi za zamani zipunguzwe na daktari leo hii pale pale wodini. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari, kwa mtu asiyekula humwangusha sukari, naye atayumba vile vile.

Chukua ile karatasi ya ruhusa kutoka hospitali ya Dar, yenye tarehe na aina ya upasuaji. Mlangoni, neno la kwanza liwe "amekatwa tumbo", kutapika kutajwe baadaye.